Namna ya kupimisha nyuma ya jicho ili kujua hali ya moyo na mishipa

Hapa Lubumbashi, mtu akiona macho yake yanapungua nguvu, jambo la kwanza analolifikiria ni miwani: hujaribu mitatu minne kwa mchuuzi wa kando ya barabara, huchagua ule unaomwezesha kusoma, na kwake shauri limekwisha. Miwani hiyo inaweza kumsaidia kusoma, lakini haimwambii lolote kuhusu mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho. Huko kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, daktari anaweza kuona waziwazi ateri ndogo (mishipa inayoleta damu kutoka moyoni) na vena ndogo (inayoirudisha), damu ikipita ndani yake, bila kupasua popote. Madhara ambayo tansio, yaani presha ya damu iliyo juu, na ugonjwa wa sukari huyafanya kwenye mishipa hiyo, huyafanya pia, kwa siri, kwenye mishipa ya moyo, ya ubongo na ya figo.

Kabla ya kutafuta daktari wa macho, pimisha tansio kwanza, kwa kuwa kipimo hicho hufanyika karibu katika kila kituo cha afya na hakuna picha ya jicho inayoweza kuchukua nafasi yake. Usipimwe ukiwa umetoka tu kupanda ngazi au kushuka kwenye moto (pikipiki). Keti dakika 5, mgongo ukiegemea kiti, miguu ikiwa chini bila kupishana, mkono ukiwa umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, na uwe umekojoa. Kahawa na sigara ziwe zimeachwa kwa angalau nusu saa. Omba upimwe mara 2. Ukiambiwa 14 kwa 9, yaani 140 juu ya 90, au zaidi, na hali ikarudi hivyo siku nyingine, basi una sababu ya kutazamwa nyuma ya jicho. Mwenye sukari ya aina ya pili hahitaji kungoja dalili yoyote: anatakiwa kutazamwa tangu siku ugonjwa unapogunduliwa, kisha kwa kawaida kila mwaka, hata kama anaona vizuri kabisa.

Ukifika kwa daktari wa macho, usiseme tu kwamba unataka kupimwa macho, kwa maana utasomeshwa herufi za ukutani na kupewa namba ya miwani. Sema kwamba una tansio, au sukari, na kwamba unaomba nyuma ya jicho patazamwe. Kwenye karatasi ya daktari kipimo hicho huandikwa kwa Kifaransa fond d'œil. Chukua orodha ya dawa unazokunywa, na useme mapema ikiwa uliwahi kuambiwa kwamba presha ya ndani ya jicho lako iko juu. Utatiliwa matone yanayopanua mboni, utasubiri kama nusu saa, halafu daktari ataangaza mwanga ndani ya jicho. Hakuna maumivu, isipokuwa matone huwasha kidogo. Kwa saa kadhaa baadaye utaona ukungu, hasa vitu vya karibu, na jua la mchana litakuumiza. Kwa hiyo usiendeshe gari wala moto siku hiyo, nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani, na ubebe kofia.

Sehemu ambayo wagonjwa wengi huipita haraka ni majibu, nami ningependa usitoke chumbani kabla ya kuyaelewa. Ukuta wa ateri nzima ni mwangavu, kiasi kwamba kinachoonekana hasa ni damu nyekundu iliyomo ndani, pamoja na mstari mwembamba wa mwanga juu yake. Tansio inapodumu miaka, ukuta hunenepa, ule mstari wa mwanga hupanuka, na mshipa huanza kung'aa kama waya wa shaba; ndivyo madaktari wa dunia nzima wanavyouita, na sisi wa Katanga, mkoa ambao kwa miaka mingi uliitwa Shaba, hatuhitaji kuelezwa rangi hiyo. Ukuta ukizidi kunenepa hata damu isionekane tena, huitwa waya wa fedha. Uliza pia kuhusu mahali ateri inapokatiza juu ya vena: hapo mishipa hiyo miwili imefungwa katika ala moja, kwa hiyo ateri iliyokakamaa huikandamiza vena, na ni katika makutano hayo ambapo vena huweza kuziba.

Kupima ukubwa wa madhara ya tansio kwenye retina, madaktari wengi bado hutumia daraja 4 zilizopangwa mwaka 1939 na madaktari Keith, Wagener na Barker. Katika daraja 1 ateri zimesinyaa kidogo. Katika daraja 2 vena zinakandamizwa. Katika daraja 3 kuna damu iliyovuja na madoa meupe kama pamba. Katika daraja 4 kichwa cha neva ya jicho kimevimba. Wakati ule, ambapo dawa za kufaa za tansio zilikuwa bado hazijapatikana, wagonjwa 70 kati ya 100 wa daraja 1 walikuwa hai baada ya miaka 3, lakini wa daraja 4 walikuwa 6 tu. Leo dawa zipo. Hata hivyo, ukiambiwa daraja 3 au 4, nenda hospitali siku hiyohiyo, wala usimeze dozi mbili kwa pamoja, kwa sababu tansio ikishushwa ghafla mno ubongo na jicho vinaweza kukosa damu.

Jicho safi, kwa upande mwingine, si hati ya kuthibitisha kwamba moyo ni mzima. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba kusinyaa kwa ateri za retina kulikwenda pamoja na ugonjwa wa moyo kwa wanawake, lakini si kwa wanaume. Ateri kubwa za moyo zinaweza kuziba kwa lehemu (mafuta yanayoganda kwenye mishipa) huku vijishipa vya jicho vikionekana vyema. Kwa hiyo chukua karatasi ya daktari wa macho, umpelekee yule anayekutibu tansio au sukari, maana mara nyingi wawili hao hawaonani. Yeye ndiye atakayeamua kubadili dawa, kupima figo, au kukupeleka kwenye kipimo cha umeme wa moyo. Nyumbani, anza na chumvi: isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja, ukihesabu na ile iliyomo katika makayabu (samaki wa chumvi) na vidonge vya kuungia mchuzi. Makayabu yalowekwe, maji yamwagwe, yalowekwe tena.

Jambo moja halingojei miadi. Jicho moja likizima ghafla, bila maumivu, hata kama mwanga umerudi baada ya dakika chache, lichukulie kama kiharusi: huenda kipande cha lehemu au donge la damu kimetoka kwenye mshipa wa shingo au moyoni na kukwama kwenye ateri ya retina, na kinachofuata kinaweza kwenda kwenye ubongo. Usipitie famasi kununua matone. Nenda moja kwa moja kwenye hospitali kubwa, na umwambie daktari saa kamili jicho lilipozima.