Kutoka Mwaloni hadi Seneti: Njia ya Mtakwimu wa Chuo Kikuu

Kijana wa Mwanza anayetamani kuwa mtakwimu wa chuo kikuu, na baadaye kushika uongozi wake, aanze kidato cha tano kwa kuchagua tahasusi yenye hisabati, kama PCM (fizikia, kemia na hisabati) au EGM (uchumi, jiografia na hisabati). Shahada ataipata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, na matokeo yake sharti yawe ya juu, kwa kuwa vyuo huajiri wahadhiri kutoka miongoni mwa wahitimu bora.

Wakati wa likizo, ashuke mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki la Mwanza. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo anayepima mavuno ya wiki moja ya giza, kisha akazidisha kwa nne ili apate mavuno ya mwezi, atakuwa ametangaza samaki ambao hawakuvuliwa. Hakuna programu ya kompyuta itakayomsahihishia kosa hilo, maana limo ndani ya sampuli yenyewe.

Asome pia kwa makini matokeo ya jaribio la Mwanza yaliyochapishwa mwaka 1995. Jamii 12 za vijijini zilipangwa katika jozi 6, na katika kila jozi jamii moja, iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, ilianza kupata huduma iliyoboreshwa ya magonjwa ya zinaa huku nyingine ikisubiri. Baada ya miaka 2, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 katika jamii zilizopata huduma na asilimia 1.9 katika zile nyingine. Waliofuatiliwa walikuwa maelfu, lakini kilichochaguliwa kwa bahati nasibu ni jamii, si mtu mmoja mmoja. Anayechambua kana kwamba kila mtu alichaguliwa kwa bahati nasibu peke yake atajiona ana ushahidi mwingi kuliko alio nao. Kwa maoni yangu, mwanafunzi anayeweza kumweleza muuguzi wa zahanati jambo hili kwa Kiswahili chepesi ameielewa takwimu kuliko aliyekariri fomula zote.

Baada ya uzamili hufuata uzamivu, na vyeo hupanda kutoka mhadhiri msaidizi hadi profesa kwa kuchapisha makala. Mtakwimu ana bahati hapa, kwa kuwa madaktari wa hospitali ya Bugando na watafiti wa samaki wa Nyegezi wote wanamhitaji. Aombe kushirikishwa utafiti unapopangwa, kabla dodoso halijachapwa, kwani akiitwa data zikiwa zimeshakusanywa mara nyingi hubaki kueleza kilichoharibika.

Ukuu wa idara asiupokee kabla ya kumaliza uzamivu. Vikao vitaila tasnifu yake. Akishafika kwenye kitivo, na hasa akiingia katika seneti, chombo kikuu cha maamuzi ya taaluma chuoni, taaluma yake iingie naye. Akiletewa taarifa kwamba wastani wa ufaulu wa mwaka wa tatu umepanda, aulize kwanza ni wangapi walidahiliwa mwaka wa kwanza na wangapi wamebaki, maana wastani hupanda pia pale wanyonge wanapoacha masomo kwa kukosa ada. Majina ya walioondoka ayaombe siku hiyohiyo, kabla muhula haujafungwa.