Somo: Kontena Jipya la VeraCrypt Linapoikataa Nywila Sahihi

VeraCrypt ni programu ya kuficha mafaili yako ndani ya faili moja lenye nywila, liitwalo kontena. Nimeandika somo hili ili anayeuliza tena kwa nini kontena lake linakataa nywila aelekezwe hapa.

Hatua ya 1: Zima Caps Lock.

Hatua ya 2: Hakikisha umechagua faili lenyewe la kontena, si jingine.

Hatua ya 3: Kagua mpangilio wa kibodi. Ukinunua kompyuta ya mtumba Kariakoo iliyotoka Uingereza, huku Windows yake imewekwa mpangilio wa Marekani, alama @ na " hubadilishana nafasi, na penye £ hutoka #. Kwa kuwa nywila huonekana kama vitone tu, unaweza kuikosea mara mbili kwa namna ileile, kontena likaundwa bila malalamiko, kisha likakugomea siku utakayobadili mpangilio au kompyuta. Badili mpangilio kwa kitufe cha Windows pamoja na nafasi, ujaribu tena. Wakati wa kuunda, weka alama kwenye kisanduku cha kuonyesha nywila. Na usiinakili kutoka WhatsApp, kwani nafasi tupu ya mwishoni huhesabiwa kuwa herufi.

Hatua ya 4: Ikiwa wakati wa kuunda ulijaza PIM (namba ya ziada inayoambatana na nywila) au ulitumia faili-ufunguo (faili linalotumika kama ufunguo pamoja na nywila), navyo vinahitajika. Usiufanye wimbo kuwa ufunguo: programu husoma baiti 1,048,576 za mwanzo, na ukirekebisha jina la msanii ndani ya faili, ufunguo umeharibika.

Hatua ya 5: Lifunge kontena, ulifungue upya, ndipo ufute nakala za awali za mafaili uliyoyaweka ndani.

Swali: Nimejaribu zote, imegoma. Nisaidie haraka.
Jibu: Hukutaja PIM wala aina ya kibodi. Rudi hatua ya 3.

Swali: Mkuu, kuna fundi anadai ataitoa nywila, nimlipe?
Jibu: Usimlipe. Hakuna mlango wa nyuma, na kila jaribio kwa kawaida hupitia mizunguko 500,000 ya hesabu.

Swali: Kwa nini programu isiseme kilichokosewa ni nywila au PIM?
Jibu: Swali zuri sana, ndugu. Baiti 64 za mwanzo wa kontena ni chumvi, yaani data za nasibu. Baada yake kuna neno VERA lililofichwa. Programu hujaribu kulifichua kwa ulichoandika, na lisipoonekana, haiwezi kujua kama kosa ni nywila, PIM, au faili hilo si kontena kabisa.

Swali: Langu ni faili la ZIP lenye nywila, nililotengeneza kwa programu ya 7-Zip, Windows inalikataa.
Jibu: Huenda ulichagua AES-256, njia ya usimbaji ambayo kifunguzi cha Windows kwa miaka mingi hakikuielewa. Lifungue kwa 7-Zip yenyewe, na umwambie unayemtumia afanye hivyo.