Kuchora barabara ya misafara ya Oregon kando ya mto Little Blue

Barabara hii ni njia ambayo wahamiaji wa Marekani wa karne ya 19 waliifuata kwa magari ya kukokotwa kwenda Oregon, magharibi. Kwanza hakikisha unashughulika na mto wenyewe. Kuna mito miwili yenye jina hili. Ule wa Missouri uko karibu na Independence, mji ambako misafara mingi ilianzia, na ndiko yalikopiganwa mapigano ya 21 Oktoba 1864. Unaotuhusu huanzia karibu na Minden, Nebraska, na kuingia mto Big Blue karibu na Blue Rapids, Kansas. Huu nao una 1864 yake: mashambulizi ya Wacheyenne, moja ya makabila ya wenyeji wa asili, na washirika wao mwezi Agosti. Kwa hiyo mwaka peke yake hauthibitishi chochote.

Pakua ramani za USGS (idara ya jiolojia ya Marekani) za kipimo cha 1:24,000, pamoja na ramani na madaftari ya wapima ardhi wa serikali ya miaka ya 1850 na 1860. Wao waligawa nchi kwa miraba ya maili 6 kwa 6, kila mmoja ukiwa na vipande 36 vya maili moja. Namba 1 iko pembe ya kaskazini-mashariki. Hesabu huenda magharibi hadi 6, kisha 7 iko chini ya 6 na hesabu hurudi mashariki. Mji wa Fairbury, Nebraska, uko mashariki ya meridiani yao, yaani mstari wa kusini-kaskazini ambako hesabu ya miraba ilianzia; mji wa Hebron uko magharibi. Ukiandika 2W (mraba wa pili magharibi ya meridiani) badala ya 2E (wa pili mashariki), umehama kilomita 29.

Sasa kazi yenyewe. Tuseme daftari linasema barabara ilikatiza mstari wa mpaka wa kipande kwenye cheni 34.50. Cheni moja ni meta 20.12, kwa hiyo ni meta 694, sawa na sentimita 2.9 kwenye ramani yako. Pima kutoka pembe alikoanzia mpimaji. Mistari ya kusini-kaskazini kwa kawaida ilianzia kusini. Weka nukta, nenda mstari unaofuata. Ziamini nukta hizo tu, maana katikati ya kipande barabara ilichorwa kwa kukadiria. Na usiufuate mkondo wa leo: mto umehamahama, pembe za vipande hazijahama.

Jisahihishe pale Rock Creek, karibu na Fairbury, ambako mifereji iliyochimbwa na magurudumu bado inaonekana. David McCanles alijenga daraja la kulipia hapo 1859, akauawa mahali hapo hapo 12 Julai 1861 katika kisa kilichomfanya James Butler Hickok, mpiga bastola aliyeitwa "Wild Bill", ajulikane.

Wengi huharibu mwishoni kwa kuivuta barabara hadi Minden. Misafara iliuacha mto kabla ya chanzo, ikavuka mwinuko mkavu kuelekea mto Platte na ngome ya jeshi ya Fort Kearny.