Taya linalojificha mbele ya daktari: namna ninavyolirekodi

Taya langu la kulia linalia "ta!" kila nikipiga miayo, na kuna asubuhi haliachii mpaka nilichezeshe. Siku ya kwanza kliniki likafunguka kama bawaba iliyotiwa mafuta. Daktari akaniangalia, nami nikamwangalia. Tangu hapo naenda na ushahidi kwenye simu.

Mimi fundi cherehani, Sinza. Simu naiegemeza kwenye cherehani, usawa wa mdomo, nimekaa naelekea mlangoni kwenye mwanga, kisogo kimegusa ukuta. Tumia kamera ya nyuma. Ya mbele, kwenye baadhi ya simu, hugeuza kulia kukawa kushoto, na hapa upande ndio habari yenyewe. Chukua wanja, weka doa moja kwenye ncha ya pua, jingine katikati ya kidevu. Zima feni, mlio usikike.

Fungua mdomo taratibu hadi mwisho, ufunge. Mara tatu. Kwenye video fuata doa la kidevu. Langu linakwenda kulia, "ta!", halafu linarudi katikati. Binti ninayemfundisha kushona ndiye aliyeliona kwanza: "Dada, mbona linapiga kona?" Daktari alinieleza kwamba kisahani cha gegedu ndani ya kiungo kimetoka mahali pake, na mlio ni pale kinaporudi. Doa likienda upande lisirudi, na mdomo ukawa haufunguki vizuri, huenda kisahani kimegoma kurudi.

Sasa rula. Rula ya shule ina kinafasi kabla ya sifuri. Siku mbili nilijipunja milimita 5, mimi ninayepima watu viuno! Sifuri ikae kwenye ncha ya jino la mbele la chini, usome kwenye ncha ya la juu. Andika pale maumivu yanapoanza, kisha pale mwisho. Watu wazima wengi hufika milimita 40 hadi 50, wengine zaidi. Usilazimishe.

Malizia kwa kusogeza taya kulia, kushoto, na mbele.

Hospitali nyingine duniani hubandika kisumaku kwenye meno ya chini, mashine ikachora njia ya taya. Mimi nina wanja.

Mdomo ukikwama wazi, achana na video, panda bajaji uende hospitali.