Taa inawaka, vifaranga wanaganda

Kipupwe kikiingia Dodoma, mchana jua linawaka kama kawaida lakini usiku joto linashuka hadi nyuzi 13 au 14, na upepo juu. Ndipo simu zinaanza: "Bwana mifugo, vifaranga wanakufa, dawa zote nimewapa."

Dawa mara nyingi hazina kosa. Juzi niliingia alfajiri kwenye banda la kijana mmoja wa Ihumwa. Balbu tatu zilikuwa zinawaka, chumba cheupe kabisa. Nikaweka kiganja chini ya balbu: baridi. Zilikuwa za LED. Vifaranga walikuwa wamerundikana kwenye pembe, na tulipowainua, kumi na mmoja wa chini walikuwa wamekufa kwa kukosa hewa. Zamani balbu ya waya ya wati 100 ilitupa mwanga na joto kwa pamoja, tukazoea kuviona kitu kimoja. LED hutoa mwanga. Joto itakubidi ulitafute kwingine, kama kwenye jiko la mkaa.

Wiki ya kwanza kifaranga anahitaji nyuzi 32 hadi 35, zikipimwa usawa wa mgongo wake. Kila wiki punguza nyuzi 3 hivi mpaka manyoya yaote. Huna kipimajoto? Watazame wenyewe. Wakibanana kando ya jiko huku wakilia, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni, midomo wazi na mbawa zimening'inia, wamezidiwa na joto, na kwa jua letu la saa saba mchana hilo hutokea sana, kwa hiyo toa jiko. Wote wakihamia upande mmoja, tafuta tundu linalopitisha upepo upande wa pili.

Jiko la mkaa liwashe nje mpaka moshi uishe, kisha liingize na ulizungushie matofali. Usizibe chumba chote. Acha uwazi juu, kwa sababu mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua vifaranga pamoja na mtu aliyelala humo kuwalinda.

Bruda, yaani uzio wa kulelea vifaranga, iwe ya duara ili pasiwe na pembe ya kurundikana. Hadibodi ya kimo cha nusu mita inatosha. Kwa vifaranga 100 anza na kipenyo cha mita moja na nusu, kisha panua kila wiki. Chini mwaga maranda. Vumbi la mbao liache, wanalila.

LED zako usizitupe. Siku tatu za mwanzo ziwashe usiku kucha, vifaranga wajue maji na chakula vilipo. Baada ya hapo wazoeshe giza kidogo kidogo, ila joto libaki.

Wakifika, wape kwanza maji ya uvuguvugu yenye glukosi, kisha chakula. Jioni papasa gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo: likiwa limejaa na ni laini, amekula na kunywa, likiwa gumu, amekosa maji. Chakula kiwe cha vifaranga, chenye protini asilimia 20 hivi. Najua mashudu ya alizeti yamejaa mitaani kwetu na bei yake inavutia, ila yana maganda mengi. Kifaranga mdogo hayawezi. Mahindi yaliyoota ukungu msiwape kabisa. Sumukuvu, sumu ya ukungu huo, iliua watu hapa Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kifaranga ni mdogo mno kuihimili.

Chanjo ya ugonjwa wa kideri (Newcastle) siku ya 7, ya ugonjwa wa gumboro siku ya 14, na marudio kama afisa mifugo wa kata atakavyokupangia. Usichanganye chanjo na maji ya bomba yenye klorini, utaiua kabla haijanywewa.

Yule kijana aliazima jiko la mama yake, akabakiza balbu moja. Usiku wa pili akanitumia picha: vifaranga wamelala wametawanyika bruda nzima, kama mtama ulioanikwa.