Anza na mpini: jinsi ya kubuni kisu kidogo cha kutembea nacho

Mimi ni bibi shamba, Muheza. Kazi yangu ni michungwa, na siku ya kazi bila kisu huwa naiona kama siku niliyosahau viatu. Kisu changu cha kwanza nilikinunua gulioni. Mpini wake ulikuwa umenyooka kama kijiti cha ufagio, hauna pa kuzuia kidole. Siku moja nilikuwa natoboa dumu la lita 20 ili tulitumie kumwagilia miche, mkono umelowa maji ya chungwa. Ncha ikagoma kuingia, vidole vikaendelea na safari. Nilishonwa nyuzi nne kwenye kidole cha shahada. Cha pili nilikiagiza kwa mhunzi, lakini nilimwambia neno moja tu: "Babu, nataka kisu kizuri." Akanipa kizuri kweli: kirefu, kina ncha kama jambia, na hakikunifaa kwa lolote.

Ninachokieleza hapa ni cha tatu. Nilikibuni mwenyewe, mzee yuleyule akakifua, na tangu hapo sijatamani kingine.

Kabla ya kuchora chochote, chukua daftari. Kwa siku saba andika kila ulichokata na jinsi ulivyokikata. Usiandike unachodhani unakata. Mimi nilidhani nakata matawi kutwa nzima, kumbe matawi nayakata kwa mkasi. Daftari langu lilijaa kamba za katani, machungwa, mifuko ya mbolea, mipira ya maji, miwa ya watoto njiani, na matope kwenye soli. Kuchoma kwa ncha kulitokea mara mbili tu kwa wiki nzima. Daftari hilo liliua jambia langu palepale.

Lilinifundisha jambo jingine pia. Nilikuwa nataka kisu kimoja kifanye kila kitu, pamoja na kubebesha miche, yaani kupachika kikonyo (kichipukizi cha mti mmoja) kwenye shina la mti mwingine. Haiwezekani, na ukijaribu utapata kisu kinachofanya yote vibaya. Kisu cha kubebesha kinanolewa upande mmoja tu, ule wa pili unabaki bapa kabisa, ili mkato utoke umenyooka na kikonyo kilale vizuri kwenye shina. Kisu cha kazi zote kinanolewa pande mbili, la sivyo kila ukikata kitu kinene kinakwenda upande. Halafu kamba ya katani inakula makali vibaya sana. Kisu kilichokata katani asubuhi hakifai kugusa kikonyo jioni. Na kisu cha kubebesha lazima kifutwe kwa spiriti kati ya mti na mti, kwa sababu ugonjwa husafiri kwenye makali. Basi nikaviachanisha, kila kimoja na kazi yake.

Sasa mpini. Watu wengi huanza na bapa kwa sababu ndilo linalong'aa, lakini mkono haushiki bapa. Nenda dukani ununue mche wa sabuni ya kufulia. Kata kipande cha sentimita 12, kichonge mviringo wa yai, kiloweshe, kisha kishike kama unavyoshika kisu, ukikamua na kusukuma kama unakata. Rudia kwa siku mbili tatu, hata unapofulia nguo. Sabuni itaanza kulika pale mkono unapobana. Wanangu walicheka sana kuniona nakata hewa kwa sabuni, lakini ile sabuni ilinionyesha mambo mawili ambayo nisingeyajua: kidole changu kidogo kinahitaji kibonde chake mwishoni, na tumbo la mpini linatakiwa kuwa nene katikati ya kiganja, si mbele.

Pima. Kiganja changu, kwa upana wa vidole vinne, ni milimita 78. Niliongeza 17, mpini ukawa milimita 95. Unene wa pale penye tumbo ni milimita 19, yaani chuma cha milimita 3 na vipande viwili vya mti, kimoja kila upande, vya milimita 8 kila kimoja. Mwenye mkono mkubwa ataongeza. Usikubali mpini wa vidole vitatu eti kisu kiwe kidogo; punguza bapa, mpini uache. Mbele, pale bapa linapoanzia, shusha chuma kidogo kiwe kizuizi cha kidole cha shahada. Milimita 5 zinatosha. Zingekuwapo siku ya lile dumu, kovu hili nisingekuwa nalo.

Bapa ni rahisi zaidi. Chungwa kubwa nililolipima lilikuwa na kipenyo cha sentimita 7 na ushee, hivyo bapa langu ni milimita 75. Upana ni 22. Ncha niliishusha kidogo chini ya mstari wa mgongo ili isiwe nyembamba mno. Ncha ndefu inapendeza machoni hadi siku utakapoitumia kufungua kopo. Makali yamepinda kidogo kuelekea ncha, na sehemu iliyo karibu na mkono imenyooka, kwa sababu hapo ndipo ninapokatia kamba.

Chora kwa kipimo halisi, kisha bandika mchoro kwenye plaiwudi ya milimita 3 na uikate. Gundisha vipande vya mti mahali pa mpini, piga msasa, utembee nacho wiki nzima. Kisu hicho cha mbao hakikati kitu, lakini kitakuambia kama kinakuchoma mbavu ukipanda pikipiki. Changu cha kwanza kilizidi urefu kwa sentimita 2 na kilinisumbua kila nilipoinama.

Nilipompelekea mzee, nilibeba mchoro na ule ubao. Mchoro hakuutazama. Aliushika ubao, akaugeuza mara mbili, akasema, "Haya mwanangu, leo umesema Kiswahili."

Kuhusu chuma, usidanganywe na mng'ao. Nondo haifai, ni laini na haitashika makali hata uifanyeje. Springi bapa za malori ni nzuri, zina kaboni takriban asilimia 0.6, zinavumilia kupigwa na kupindwa, ila ni nene na zitamchosha mhunzi kuzifikisha milimita 3. Tupa kuukuu ina kaboni nyingi zaidi, inashika makali kwa muda mrefu, lakini ni rahisi kuvunjika. Sisi tulitumia kipande cha msumeno mkuukuu wa kiwanda cha mbao, maana tayari kilikuwa chembamba. Chuma kisichoshika kutu kiache: kinahitaji joto la zaidi ya nyuzi 1,000 linalodhibitiwa vizuri, na jiko la mkaa halitakupa hilo kwa uhakika.

Chuma chochote cha kuokota kijaribu kwanza. Kata kipande cha ukubwa wa kidole, kipashe mpaka kiive, kitumbukize kwenye mafuta, kisha kipige nyundo. Kikivunjika kama kigae, kinashika matiko, yaani kinakuwa kigumu kikipashwa moto na kupozwa ghafla. Kikipinda, kimrudishie mwenye vyuma chakavu.

Mambo matatu yafanyike kabla ya moto: umbo lote likamilike kwa tupa au grenda, matundu ya ribiti yatobolewe, na makali yaachwe na unene wa milimita 1 hivi. Ukitia matiko bapa ambalo tayari ni jembamba kama wembe, litapinda au kupasuka. Na matundu usipoyatoboa mapema, utavunja drili hadi uchoke.

Kwenye matiko mimi na mzee tulibishana. Yeye alilelewa na maji. Kipande cha kwanza kiliingia majini, kikalia "ti!", na tulipokitoa kilikuwa na ufa toka makali hadi mgongo. Hakusema kitu, alikwenda kutafuta mafuta ya kupikia. Yapashe moto kidogo kwanza, yawe ya uvuguvugu mkali lakini si ya kukaanga. Mafuta machafu ya injini nayo hufanya kazi, lakini moshi wake usiuvute. Chuma kipashwe moto sawasawa, kijaribiwe kwa sumaku ya spika mbovu. Kikiacha kuvutwa na sumaku, kiongezee joto kidogo tu, kisha kizamishe ncha ikitangulia, bila kukiyumbisha kando. Weka mfuniko karibu, mafuta hushika moto. Kikipoa, pitisha tupa: ikiteleza kama juu ya kioo, matiko yameingia.

Lakini hapo kisu ni kigumu mno, kikianguka sakafuni kinaweza kukatika. Lazima kipunguzwe ugumu. Mwenye oveni akiweke kwenye nyuzi 200 kwa saa mbili, kipoe, arudie. Mzee hana oveni. Alisugua bapa mpaka likang'aa, akauweka mgongo juu ya kipande cha chuma chekundu, tukaangalia rangi ikitambaa kutoka mgongoni. Makali yalipofikia rangi ya mabua makavu alikiondoa. Mgongo ulikuwa umefika buluu, na ni sawa, mgongo hautakiwi kuwa mgumu. Makali yakifika buluu, rudia matiko tangu mwanzo.

Visu vya kienyeji vina msuka mwembamba unaochomekwa kwenye mti ukiwa wa moto. Vinapendeza, ila huku kwetu kwenye unyevu wa pwani hulegea. Mimi niliagiza msuka mpana, wenye umbo lote la mpini, na mti ubandikwe pande zote mbili. Nilijaribu mpingo kwanza. Ni mti wa kifahari, lakini ni mzito kiasi cha kuzama majini, na kisu kikawa kinaelemea nyuma. Nikahamia mtiki, kwa kuwa vipande vilivyobaki vya mitiki ya shamba la Longuza hupatikana kwa mafundi seremala hapa. Mtiki una mafuta yake ya asili, kwa hiyo ufute kwa tina (ile ya kuzimulia rangi) kabla ya kupaka gundi ya mirija miwili, la sivyo itabanduka. Ribiti tatu tulizikata kwenye fito ya shaba ya kuchomelea. Kisu kikiwa kwenye kidole cha shahada sasa kinakaa mizani.

Kunoa: kwa bapa la upana wa milimita 22, lilaze kwenye kinoo, kisha nyanyua mgongo kama milimita 7. Hiyo ni nyuzi 18 hivi, inatosha kwa kamba na kwa chungwa. Sukuma kwa uzito uleule pande zote mbili.

Maji ya chungwa yatakigeuza rangi siku ya kwanza, na tunda litakuwa na ladha ya chuma. Usishtuke. Mimi nilikipaka maji ya limau mwenyewe, nikakiacha, nikakiosha, nikarudia mara tatu mpaka kikawa cha kijivu chote. Tabaka hilo hupunguza kutu na ladha. Jioni nakifuta na kukipaka mafuta ya nazi.

Ala ya ngozi niliikataa, inanywa maji na kukilaza kisu kwenye unyevu. Nilitumia bomba la plastiki la inchi moja. Lichemshe kwenye maji mpaka lilegee, liweke kati ya mbao mbili kisu kikiwa ndani kimezungushiwa kitambaa, bana mpaka lipoe. Linakuwa bapa la upana wa sentimita 5 hivi. Usilichome kwenye moto, moshi wake ni sumu. Toboa tundu chini maji yatoke.

Maelezo mengi ya ala hudhani kila mtu ana mkanda kiunoni. Mimi navaa gauni. Nilishona mfuko mrefu ndani ya koti langu la kazi, ala imefungwa humo kwa kamba mbili. Siku nisizokwenda shambani koti linabaki nyumbani na kisu chake, kwa sababu sina namna ya kumweleza askari wa stendi kwamba kile ni cha machungwa. Ala ikishakamilika, kabla hujaiamini, igeuze kichwa chini juu ya godoro uitikise kwa nguvu mara kumi. Yangu ilikidondosha mara ya saba, ikarudi kwenye maji ya moto.