Menya ganda kabla hujalipia mbegu ya miwa

Nalima miwa ya kutafuna na ya juisi huku Mabogini, chini ya mji wa Moshi, nusu eka kando ya mfereji. Msimu uliopita niliingiza vidugamba, wadudu wadogo wanaonyonya muwa, shambani kwa mikono yangu, ndani ya mbegu (vipande vya muwa vya kupandia) niliyoinunua kwa sababu ilikuwa minene na ya kupendeza. Nilikuja kushtuka pale mama mmoja wa mashine ya juisi mjini aliponiambia, "Dada, muwa wako siku hizi hauna maji." Iliniuma. Ndiyo maana naandika haya.

Kwanza, usiwatafute kwenye majani. Wanakaa kati ya shina na ganda la jani linalolikumbatia. Chagua muwa uliokwisha kurefuka, bandua ganda lililokauka, utazame shina.

Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa sababu muwa mzima nao una weupe wake: unga wa nta chini kidogo ya fundo. Upitishe kidole. Nta inafutika kama chaki na ngozi ya muwa inabaki safi. Kidugamba hakifutiki. Ni kigamba cheupe au cha kijivu, kadiri ya kichwa cha pini, kimegandamana na shina. Kibandue kwa ukucha, chini yake utaona mwili laini wa njano unaoacha unyevu. Huyo ni jike. Hana miguu, amechomeka mdomo kama uzi ndani ya muwa ananyonya, na mayai anayaficha chini ya kigamba hichohicho. Wataalamu humwita Aulacaspis tegalensis. Ukikuta utelezi unaonata, masizi meusi na sisimizi wengi, huyo ni mdudu mwingine, maana kidugamba hatoi utomvu wa sukari.

Wanaotembea ni watoto wake, tena kwa muda mfupi tu baada ya kuanguliwa. Upepo unawabeba, nguo zako zinawabeba, lakini safari ndefu wanaifanya ndani ya mbegu.

Kwa hiyo mbegu naichukua sasa kwenye miwa michanga, siyo ile iliyozeeka. Naimenya maganda yote palepale kwa muuzaji, hata akinuna. Kipande chenye vigamba nakiacha, sikioshi wala sikibembelezi. Mashamba makubwa huloweka mbegu kwenye maji ya nyuzi joto 50 kwa saa mbili hivi kupambana na ugonjwa wa kudumaza machipukizi. Nyumbani kwa sufuria na kuni usijaribu, joto likizidi kidogo tu macho yanaiva na hayachipui.

Muwa ukishapanda juu, toa majani makavu ya chini. Kazi hii inachosha na inakatakata mikono, vaa shati la mikono mirefu. Lakini shina likibaki wazi, mdudu anakosa pa kujificha na maadui zake wanamfikia. Rafiki yetu mkubwa ni kile kijidudu cheusi kinachong'aa, mgongo wa mviringo kama nusu ya punje ya choroko, jamii ya Chilocorus. Kinakula vidugamba kimoja kimoja. Ukipuliza sumu ovyo unakiua hicho, na kidugamba aliye chini ya kigamba na ganda la jani anabaki salama. Kabla ya kununua dawa yoyote, mwite afisa ugani aione miwa yako.

Kiangazi ndicho kibaya zaidi, hivyo zamu yako ya maji usiikose. Na muwa uliokomaa uvune. Najua tunausubiri bei ipande, lakini kila mwezi unaosimama, wadudu wanazidi na sukari inapungua. Kisiki kikishachipua mara nyingi baada ya kuvunwa na bado kina vigamba, king'oe chote na upumzishe eneo hilo kwa mahindi au maharage.

Majani niliyoyatoa siyaachi juu ya kingo za mfereji. Nayafunga mzigo siku hiyohiyo, asubuhi kabla upepo haujaanza, nampelekea ng'ombe zizini.